Tangi la Kurudi

Lala kifudifudi, Orruneth. Hivyo.
Mikono ya juu ishike usukani, ya chini iguse bunduki,
kidevu kiweke hapa, kwenye ngozi niliyoishona mwenyewe,
maana ile ya kiwandani huchubua.
Usitafute dirisha. Hakuna.
Waliokichora walisema jicho ni tundu na tundu ni kaburi,
basi utaona kwa mifupa:
bati lote hutetema, na kila mtetemo una maana yake.
Adui akiwa mbali ni mchwa ndani ya ubao.
Akikaribia, meno yatakwambia.

Tunakiita Kikwaru.
Si jogoo; ni ule ukucha wa nyuma tu,
usiotembea, usiochakura,
unaosubiri ugomvi.

Mbavu tatu za chuma, ngozi ya udongo uliochomwa mara saba
mpaka ukasahau kung'aa.
Kimechongoka mbele, kimechongoka nyuma;
hata sisi tuliokifua kwa nyundo hujikata
tukikizunguka bila taa.
Ni kizuri. Sitakudanganya.
Siku cha kwanza kilipotoka kalibuni nilikipapasa
kama mtu anayempapasa mtoto wa jirani,
kwa furaha, na kwa woga wa kuulizwa.

Tumboni kina pande la chumvi, zito kukushinda mara tatu.
Joto lote la injini humezwa na chumvi hiyo,
kwa hiyo ukiingia huonekani,
u baridi kama jiwe lililopotea njia.
Lakini chumvi huyeyuka.
Una dakika tisa.
Ya kumi, chombo hutapika joto,
na utawaka gizani kama kidonda.

Kazi yake si kushinda.
Ushindi ni wa majitu yanayokufuata nyuma,
meli nene zenye majiko, vitanda na wapiga ngoma.
Yako ni kuingia
katikati ya manowari za Wavhal, chini kabisa ya matumbo yao,
pale ambapo mmoja akifyatua humpata nduguye.
Zunguka hapo hapo. Dunga, hama, dunga.
Wafanye waogope mizinga yao wenyewe.

Nimeuona mchoro wa Mhandisi Thulaq.
Umebandikwa ukutani, katika chumba chenye moto.
Una mshale mmoja, mwekundu, unaingia.
Nikaigeuza karatasi, nikidhani wa kutoka uko nyuma.
Nyuma palikuwa na hesabu ya bei.

Sasa sikiliza,
na usimwambie hata mwenzako wa kitanda cha juu.
Kwenye daftari bunduki ni nne.
Mkaguzi huhesabu midomo, na midomo iko minne.
Lakini wa nne ni bomba tupu; nimeung'oa moyo wake
usiku, gati likiwa limelala,
na mahali pake nimechomelea tangi,
dogo, kama kichwa cha mtoto mchanga.
Kitufe cha kidole cha mwisho, mkono wa chini wa kushoto:
usikibonyeze kwa hasira.
Hicho hakiui mtu.
Hicho ni nyumbani.

Nimewatengenezea sita kabla yako.
Wawili walirudi. Vessamu alirudi hana sauti, lakini anakula.
Mmoja alibonyeza mapema,
akakutana na majitu yetu yakija; hayakumuuliza jina.
Watatu sijui.
Huenda walisahau. Huenda walikumbuka,
wakaona bado kuna kitu cha kudunga.
Hilo sina spana ya kulirekebisha.

Ukirudi utakuja bila breki, bila taa, chumvi yote imekuwa uji.
Mlango wa gati hili ni mzito na mtambo wake mbovu,
nimeuandikia barua mara tano.
Nitauvuta kwa mikono yote minne.

Inua kidevu kidogo.
Gundi ya mshono haijakauka.